Fangasi ukeni: Kabla ya kitunguu saumu, pima kwanza

Kama unawashwa ukeni na unatokwa na uchafu mweupe, mzito mfano wa maziwa ya mgando, bila shaka umeshapewa ushauri. Weka punje ya kitunguu saumu usiku. Jifukize kwa majani ya mwarobaini. Nunua ile chupa ya "kusafisha kizazi" inayotangazwa WhatsApp. Mimi nakuomba usifanye lolote kati ya hayo.

Sisemi hivyo kwa kudharau mitishamba. Kitunguu saumu kinaua fangasi maabara, hilo halina ubishi. Lakini mwili si maabara. Mwaka 2014 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya wanawake waliomeza vidonge vya kitunguu saumu: hawakuonekana kuwapita wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Na punje yenyewe ukiiweka ukeni inaweza kubabua ngozi laini ya huko, muwasho ukageuka kidonda.

Dawa inayojulikana ipo. Ni klotrimazoli ya kuweka ukeni: kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa usiku mmoja, au vyenye nguvu ndogo kwa siku kadhaa. Mjamzito hutumia hii ya kuweka, kwa kawaida siku saba. Flukonazoli ya kumeza asiiguse bila daktari.

Hata hivyo, duka la dawa nalo lina lawama yake. Wengi huuziwa dawa ya fangasi dirishani bila kuulizwa swali hata moja, wakati si kila muwasho ni fangasi. Uchafu wenye shombo la samaki mara nyingi ni wa bakteria. Ule wa njano au kijani wenye povu unaweza kuwa trikomona, ugonjwa wa zinaa, na hapo mwenza naye lazima atibiwe. Klotrimazoli uliyonunua haikutengenezwa kwa ajili ya hayo. Kipimo si kikubwa: majimaji kidogo huchukuliwa kwa kijiti chenye pamba, yakaangaliwa kwa darubini.

Fangasi wakikurudia mara tatu au zaidi kwa mwaka, acha kuhangaika kubadili dawa. Pima sukari, pima VVU.

Mzazi, wewe nina neno lako. Binti ambaye hajavunja ungo ni nadra sana kupata fangasi ukeni. Ukiona uchafu au damu kwenye chupi yake, usimfukize wala usimsugue kwa sabuni. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa bakteria, au kitu alichojiingiza akicheza. Inaweza pia kuwa kuna mtu anamfanyia ukatili, na mtu huyo anaweza kuwa wa nyumbani. Daktari atamuuliza mtoto maswali. Kaa karibu naye, lakini usimjibie.