Jalada la John Rowlands

Shangazi yangu ana miaka sitini na minane. Amezaliwa Tabora, ameolewa Tabora, na mume wake amezikwa Tabora. Mwaka jana nilimsindikiza kufuatilia mafao ya marehemu kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Kijana aliyekaa dirishani alipekua karatasi, akainua uso, akauliza: "Mama, wewe ni nani hasa?"

Kosa lilikuwa herufi moja. Karatasi moja ina "n" katika jina lake, nyingine haina. Tukaleta barua ya mtendaji wa mtaa. Haikutosha. Tukaleta hati ya kiapo kutoka kwa wakili. Haikutosha. Mara ya tatu shangazi akamwambia: "Mwanangu, niite utakavyo, ila haki yangu nipe."

Wiki hiyo hiyo wenzangu wawili tunaosoma nao shahada ya uzamili walikuja kunitembelea, nikawapeleka Kwihara, kilomita chache kutoka mjini. Hapo lipo tembe la kumbukumbu la David Livingstone, mahali alipokaa na Henry Morton Stanley mwanzoni mwa 1872 baada ya kukutana Ujiji. Wenzangu walipiga picha mlangoni. Mimi bado nilikuwa na lile swali la dirishani kichwani, na nikatamani aulizwe Stanley: Bwana, wewe ni nani hasa?

Basi tumfungulie jalada, kama tunavyowafungulia wengine.

Jina. Huyu bwana alizaliwa Denbigh, Wales, 1841, akaandikishwa kama John Rowlands. Mama yake hakuwa na mume, na sehemu kubwa ya utoto wake ilipita katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Mwaka 1859 alifika New Orleans, Marekani, akiwa kijana wa kazi melini. Baadaye akajiita Stanley, akasimulia kwamba mfanyabiashara tajiri wa mji huo, Henry Hope Stanley, alimpenda akamfanya mwanawe. Katika tawasifu yake, iliyochapishwa 1909 yeye akiwa ameshafariki, huyo baba mlezi anakufa 1861. Mfanyabiashara mwenyewe alikufa 1878. Yaani shahidi pekee wa jina lake ni mtu aliyemzika kwenye karatasi miaka kumi na saba kabla ya wakati.

Uraia. Alijitambulisha kuwa Mmarekani. Aliporudi Uingereza 1872 na habari za asili yake ya Wales zikaanza kuvuma, alikana.

Madhumuni ya safari. Alipotua Zanzibar Januari 1871 alikuwa ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza kisiwani, alipotaka kujua anaelekea wapi, alijibu kwamba anakwenda kuuchunguza mto Rufiji. Hili halihitaji mpelelezi, maana alilisimulia mwenyewe kitabuni.

Jina la kujitungia, uraia wa kujitangazia, safari ya kudanganyia. Leo mgeni akikutwa na hayo matatu anapandishwa ndege ya kurudi kwao. Stanley aliingia bungeni 1895 na kupewa heshima ya "Sir" 1899.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sina ugomvi na mtoto asiye na baba aliyelikimbia jina lililomletea aibu. Njia ya misafara yenyewe, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ilijaa watu waliobadili majina. Mirambo aliwahi kuitwa Mtyela Kasanda. Hamed bin Muhammed tunamjua zaidi kama Tippu Tip. Sidi Mubarak, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, alirudi akiitwa Bombay, na ndiye aliyekuwa mkuu wa askari wa msafara wa Stanley. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyedaiwa hati ya kiapo.

Ugomvi wangu ni kile alichokifanya mwenye jina la kujichagulia alipopata uwezo juu ya jina la mwenzake. Mwaka 1871, hapa hapa Unyanyembe, mfanyabiashara Mwarabu alimpa Stanley zawadi ya mtoto wa kiume. Soma tena: zawadi ya mtoto. Stanley aliandika jina lake kuwa Ndugu M'hali, akalitafsiri kuwa mali ya ndugu. Halikumpendeza. Akataka jina jingine, na mmoja wa watu wake akapendekeza Kalulu. Basi akawa Kalulu. Alipelekwa Uingereza na Marekani, akatazamwa na watu kama kitu cha ajabu kutoka safarini, akahudhuria mazishi ya Livingstone mjini London 1874. Alirudi Afrika na msafara uliofuata, na Machi 1877 mto Kongo ukammeza. Stanley akayaita maporomoko yale Kalulu. Hata kifo cha mtoto kilibandikwa jina alilochaguliwa na wengine.

Nyumba ile ile, mwaka ule ule: mmoja kajipa jina akawa mtu mkubwa, mwingine kanyang'anywa jina akawa kumbukumbu ya safari ya mkubwa. Shuleni nilikariri tarehe za Stanley. Jina la Ndugu M'hali nililikuta nikiwa na miaka ishirini na minne, tena katika kitabu cha Kiingereza.

Najua jibu linalokuja: mambo ya kale yasihukumiwe kwa sheria za leo. Sawa. Basi tutazame ya leo.

Mwaka 2006, jirani zetu Kenya walipokea watu wawili, Artur Margaryan na Artur Sargasyan, waliojitambulisha kama wafanyabiashara kutoka Armenia. Wakenya walikuwa wakiuliza ni akina nani hasa. Wao wakaita waandishi wa habari na kujigamba. Juni mwaka huo walizua purukushani ya bastola na maofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ikabainika walikuwa na vitambulisho vya polisi wa Kenya. Hawakufikishwa mahakamani, waliondolewa nchini haraka, na tume ikaundwa chini ya Shedrack Kiruki kuchunguza mambo yao wakiwa wameshaondoka. Wageni wenye majina ya kutiliwa shaka walipewa vitambulisho vya dola. Shangazi yangu, mwenye herufi moja ya ziada, hajapewa hata risiti.

Na si Kenya tu. Agosti 1871 wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora walipigana na Mirambo huko Ulyankulu, Stanley akiwa upande wao, wakashindwa. Karne moja baadaye, kuanzia 1972, Ulyankulu ikawa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Walilima, wakazaa, wakazeeka hapo. Tanzania ilifanya jambo kubwa ilipokubali kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo. Lakini vyeti vilicheleweshwa kwa miaka, kwa sharti kwamba kwanza wayahame makazi yao, hadi vilipoanza kutolewa 2014. Mtu aliyezaliwa Ulyankulu alisubiri cheti akiwa mtu mzima mwenye watoto, ilhali Stanley alipita pande hizi kwa jina la kujitungia, na hadi leo watoto wetu wanalikariri.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuseme ukweli: mgeni gani? Yule mwenye bunduki na fedha tunamwamini kwanza, tunamchunguza akishaondoka. Mwenyeji asiye na kitu, na mgeni maskini kama yeye, tunawachunguza kwanza, na kuwaamini labda wakishakufa.

Sitaki Stanley afutwe. Nataka aandikwe kamili. Popote tunapomtaja, shuleni na kwenye vitabu vya watalii, jina la John Rowlands litajwe naye, na la Ndugu M'hali litangulie yote mawili. Na dirishani, anayeomba haki yake aanze kwa kuaminiwa. Mwenye shaka ndiye alete ushahidi.

Shangazi ameambiwa arudi Jumatatu na mashahidi wawili waliomfahamu tangu siku aliyozaliwa. Ana miaka sitini na minane. Waliokuwapo siku hiyo tumeshawazika wote.