SEHEMU YA 4: PANYA HAPULIZI, MAMA!

Wapendwa wa Ngara na Biharamulo, leo nitawaudhi baadhi yenu.

Bibi mwenye kisukari anaamka asubuhi, kidole cha mguu kimetafunwa na panya, shuka ina damu. Familia inasemaje? "Panya alikuwa anapuliza, ndo maana hakusikia." Wengine wanasema karogwa, na bibi kizee wa jirani anaanza kuitwa mchawi.

Jamani, tuache! Wewe ukitafunwa hivyo utaruka kitandani. Bibi hakuruka kwa sababu mishipa ya fahamu ya miguu yake imeharibika, na kilichoiharibu ni sukari. Wala si kwetu tu. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Dkt. Zulfiqarali Abbas, walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Hakuna mchawi hapo.

Inakuwaje? Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu pamoja na vimishipa vya damu vinavyoilisha. Mirefu ndiyo huanza kuumia, kwa hiyo vidole vya miguu vinatangulia. Mwanzoni miguu inawaka moto, inachomachoma, usiku hata shuka ikigusa inauma. Baadaye kimya. Ganzi.

Hapo ndipo wauza dawa za chupa wanapotushika. Moto ukizima wanasema, "Umeona? Dawa imefanya kazi!" Mama, mara nyingi hakuna kilichopona. Kengele ya hatari ndo imekatika. Bibi anaacha vidonge, anakanyaga kaa la moto, anatembea na mwiba wiki nzima. Tunaletewa kidonda kimeshaoza, mguu unakatwa.

Wewe unayemuuguza mama mkwe, fanya hivi. Kila jioni washa tochi, kagua nyayo na katikati ya vidole. Maji ya kumwogesha pima wewe, kwa kiwiko. Asitembee pekupeku, asisogeze miguu mafigani akiota moto. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, gunia la mahindi litoke chumbani kwake. Vidonge asiache. Akipata kidonda, zahanati siku hiyo hiyo.

Na usije ukaniambia, "Nesi, mbona hakimuumi?" Kisichouma ndicho ninachokiogopa.

Mtumie na shemeji yako. Sehemu ya 5 ni viatu.