Uvira: Neno la muuguzi nalo ni sehemu ya upasuaji

Desemba 2025, vita vilipofika ndani ya mji wa Uvira, makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka na kuingia Burundi. Lakini mtu aliyepasuliwa juzi, serumu ikiwa bado mkononi, hana mbio. Anabaki kitandani na kumtazama muuguzi usoni ili ajue mambo yamefika wapi.

Hofu hiyo ina historia. Tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera, katika wilaya ya Uvira, ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, na wafanyakazi wa hospitali pia. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mganga mkuu pale, alianzisha Panzi mjini Bukavu mwaka 1999. Kwa wengi wa Bonde la Ruzizi, kulala hospitalini ni kujikabidhi mikononi mwa wengine.

Ndiyo maana maneno ya muuguzi yana uzito wa dawa. Tuchukue mama anayepasuliwa ili mtoto atoke. Mara nyingi anachomwa sindano ya mgongoni, kwa hiyo yuko macho na anasikia kila kitu. Wenye kuwa bloku wakiongea habari za soko, anajiona ameachwa. Muuguzi akimshika mkono na kusema, "Mama, utasikia kama tunakuvuta, lakini hautasikia kisu," anatulia.

Kuna pia ketamini, dawa ya usingizi inayotumika sana mahali penye vifaa vichache, kwani mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe. Inapoisha, wengine wanaamka na ndoto za kutisha na kupiga kelele. Jamaa ambaye hakuambiwa anaweza kusema mtu wake amerogwa. Kumwandaa mgonjwa mapema na kumwamsha mahali pa utulivu kunapunguza shida hiyo.

Hata orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inaanza na mgonjwa mwenyewe: jina lake, anapasuliwa nini na wapi, na kama amekubali. Hayo yanachukua dakika chache tu.

Basi kwa nini upole unakosekana? Sehemu kubwa ya jibu ni pesa. Nchini Congo wauguzi wengi hawapati mshahara wa Serikali, wanaishi kwa prime inayotoka kwenye fakture za wagonjwa. Mtu yuleyule anayesafisha kidonda ndiye anayeuliza, "Mmelipa?" Usiku yuko peke yake na vitanda vingi, na nyumbani watoto hawajakula. Hapo ndipo ulimi unakuwa mkali.

Matokeo yake hayaishii kitandani. Mgonjwa aliyetukanwa anarudi Sange au Kiliba na kusimulia. Jirani mwenye ngiri anasikia, anabaki na majani nyumbani, na siku anapoletwa kwa pikipiki utumbo umeshaoza.

Serikali iwalipe wauguzi. Wakati wa kungoja hilo, hospitali inaweza kuondoa mambo ya malipo kitandani na kuyapeleka kwenye ofisi ya kulipia. Na jamaa wana haki ya kuuliza kwa heshima: anapasuliwa nini, atalazwa kwa dawa gani, na maumivu yatatulizwa namna gani? Muuguzi anayejibu hayo ameshaanza kutibu.