KUKU AKIFA GHAFLA, ANZA NA MASWALI, SUFURIA BAADAYE

SEHEMU YA 1

 Leo siongelei uzito wa kliniki wala uji wa lishe. Naongelea kuku.

Jana jioni kuku wako kala pumba vizuri, kaingia bandani na wenzake. Asubuhi unafungua, kalala chali, kakauka. Hana kidonda, na hukumsikia akikoroma. Sasa hapa mtaani kwetu huwa kuna njia tatu. Wa kwanza anabandika maji ya kunyonyolea, ati nyama isipotee bure. Wa pili anakimbilia duka la dawa kununua vidonge vya rangi mbili awawekee waliobaki kwenye maji. Wa tatu anamwangalia jirani kwa jicho baya: huyu katutegea sumu.

Msimamo wangu nausema mapema. Njia zote tatu zinakuingiza kwenye hasara kubwa kuliko ya kuku mmoja, na mbili kati ya hizo zinagusa afya ya mtoto wako moja kwa moja. Kuku aliyekufa ghafla amekuletea taarifa. Kuna kitu kimeingia kwenye boma lako, na mtoto wako anatambaa kwenye boma hilohilo. Kwanza jua ni kitu gani.

Mimi ni muuguzi, si daktari wa mifugo. Lakini kutafuta chanzo kuna utaratibu unaofanana. Mgonjwa akija tunamuuliza: imeanza lini, nyumbani mko wangapi mnaoumwa, mmekula nini, mmetoka wapi. Kuku naye anaulizwa hivyohivyo, ila anayejibu ni wewe.

SEHEMU YA 2: MASWALI MATANO

Usimguse kwa mkono mtupu. Simama, angalia, ujibu haya.

1. Wamekufa wangapi, na kwa muda gani? Hili ndilo swali mama. Mmoja peke yake na wengine wazima, fikiria jambo lake binafsi: yai kukwama, joto kali bandani, kung'atwa na nyoka, au maradhi ya siku nyingi ambayo hukuyaona. Wengi ndani ya saa chache, fikiria sumu. Leo mmoja, kesho wawili, keshokutwa watano, fikiria ugonjwa wa kuambukiza.

2. Ana umri gani? Vifaranga hufa sana kwa kuhara damu, na gumboro hupenda wa wiki 3 hadi 6. Kuku mkubwa akifa ghafla, mawazo yanakwenda kwingine: kideri, homa ya matumbo ya kuku, kipindupindu cha kuku. Hilo jina la mwisho lisikutishe. Kipindupindu cha kuku kina vimelea vyake, tofauti na kile cha watu. Kinaweza kumuua kuku mnene, mwenye afya, bila dalili yoyote uliyoiona jana.

3. Kinyesi kikoje chini ya pale wanapolala? Kijani cha majimaji, njano, chenye damu, au cha kawaida? Angalia kabla hujafagia. Wengi wetu tunafagia kwanza ndipo tunauliza, na ushahidi umeshakwenda jalalani.

4. Mwili wake unasema nini? Angalia alama za meno shingoni, maana kicheche na nguchiro wapo. Angalia upanga wa kichwani umepauka au umegeuka zambarau. Angalia chini ya mbawa kama utitiri na viroboto wamejaa, kwa sababu hao hunyonya damu mpaka kuku anaisha. Kama ni mtetea anayetaga, angalia kama nyuma kumevimba.

5. Nini kimebadilika wiki hizi mbili? Umeleta kuku mpya kutoka mnadani? Umepewa jogoo zawadi? Jirani kafiwa na kuku? Umenyunyiza dawa shambani, umetia dawa kwenye mahindi, umetega sumu ya panya?

Ukijibu haya matano kwa ukweli, unamrahisishia kazi afisa mifugo, na unajipunguzia ugomvi na watu.

SEHEMU YA 3: KIDERI, YULE TUNAYEMZOEA

Akina mama wengi wakipoteza kuku wote ndani ya wiki moja, mwizi ni kideri, au mdondo kama wengine tunavyouita. Kinasababishwa na kirusi. Duniani kinajulikana kwa jina la mji wa Newcastle huko Uingereza, ambako kilielezwa miaka ya 1920. Kuku anahara kijani, anahema mdomo wazi, mbawa zinalegea, shingo inapinda. Na wengine hawaonyeshi chochote, unawakuta tu wamekufa. Boma ambalo halikuchanjwa linaweza kubaki tupu kabisa.

Ukipata kirusi leo, dalili mara nyingi zinaonekana ndani ya wiki moja, ingawa zinaweza kuchelewa mpaka wiki mbili. Ndiyo maana nimeuliza habari za wiki mbili. Yule jogoo wa zawadi aliyekuja mzima anaweza kuwa ndiye aliyeleta.

Hapa nina neno, na sitalizunguka. Tunapoona kuku mmoja amekufa, tunakimbiza waliobaki mnadani tuwauze kabla hawajafa. Naelewa, hiyo ni ada ya mtoto, ni sabuni, ni chumvi. Lakini unamuuzia mama mwenzako ugonjwa, na wewe utarudi hapohapo mnadani kununua wa kuanzia upya. Kideri cha Bonga kinafika Singe kwa baiskeli na pikipiki zetu wenyewe.

Na kideri hakina tiba. Kina chanjo. Ipo ile ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini, ya tone moja jichoni, inayovumilia joto kuliko chanjo za zamani. Kuvumilia joto maana yake haiharibiki haraka ukiwa njiani kwenda kijijini. Bado haitakiwi kuanikwa juani wala kuwekwa juu ya jiko. Inarudiwa kila baada ya miezi 3, anachanjwa kuku mzima tu, na kinga inachukua kama wiki moja mpaka mbili kujijenga. Ukichanja siku kuku ameshaanza kufa, umechelewa, halafu utaisingizia chanjo.

Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wako. Kwa hiyo ukisema huna hela ya chupa nzima, nakuelewa, lakini jibu ni majirani kumi kuchanga na kuchanja siku moja. Siku ya kliniki tunapanga foleni na watoto, tunashindwaje kupanga siku ya kuku?

SEHEMU YA 4: SUMU, NA HAPA NISIKILIZE SANA

Babati tunalima mahindi na mbaazi. Kwa hiyo nyumba nyingi zina dawa za shamba, dawa za kuhifadhia mahindi na mbegu zilizotiwa dawa, zile zenye rangi nyekundu, waridi au kijani. Msimu wa kupanda kuku anafukua mbegu hizo. Panya aliyekula sumu anafia uani, kuku anamdonoa. Ndoo iliyochanganyiwa dawa inasuuzwa uani, kuku anakunywa yale maji.

Dalili ya sumu ni hii: kuku wazima, waliokula pamoja, wanakufa kwa kufuatana siku ileile, wengine wakitoa udenda, wakitetemeka, mfuko wa chakula kifuani bado umejaa.

Sasa jiulize: nani mwingine anaokota vitu chini hapo uani? Mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kuku amemtangulia tu kukipata.

Kwa hiyo kabla ya kumwita jirani mchawi au muuaji, zunguka nyumba yako. Dawa imewekwa wapi? Kwenye chupa ya soda? Chini ya kitanda? Baba, na wewe hili linakuhusu. Dawa ya shamba ikae juu, imefungwa, kwenye chupa yake yenye lebo. Na vile vidonge vya kufukizia mahindi vinatoa gesi inayoua watu. Mahindi yaliyowekewa vidonge hivyo hayalali chumba kimoja na familia. Hapa hakuna mjadala.

Mtoto akionekana anatoa udenda, anatoka jasho, anatapika, anatetemeka au anapumua kwa shida, usimlazimishe kutapika, usipoteze muda na maziwa. Mkimbize Mrara au kituo kilicho karibu, na ubebe chupa au pakiti ya hiyo dawa. Tukijua ni dawa gani tunaokoa dakika.

SEHEMU YA 5: KUHUSU SUFURIA

Najua mtaniambia: "Nesi, sisi tumekula kuku waliokufa tangu utoto na tupo." Sawa, mpo. Tuongee taratibu.

Ni kweli moto mkali unaua vimelea vingi. Lakini moto hauondoi sumu ya panya wala dawa ya shamba. Na wewe, kwa kumwangalia tu, huwezi kujua kama kilichomuua ni kimelea au sumu. Hiyo moja.

Pili, hatari haisubiri nyama iive. Inaanza unapomnyonyoa na kumpasua: kinyesi na damu kwenye ubao, kwenye kisu, kwenye mikono, halafu mkono huohuo unamkatia mtoto parachichi. Vimelea wanaoharisha watoto, kama salmonela, wanapita njia hiyo. Mtu mzima atasumbuka tumbo siku mbili. Mtoto mchanga anaishiwa maji mwilini haraka sana.

Wazee walikuwa na neno lao, kibudu, na walikuwa na sababu ya kukikataa. Kuku akifa mwenyewe, si chakula. Si cha baba, si cha mbwa, na zaidi ya wote si supu ya mama aliyetoka kujifungua. Mzazi anastahili kuku aliyechinjwa akiwa mzima.

SEHEMU YA 6: KUHUSU VIDONGE

Vidonge vya rangi mbili haviui kirusi, kwa hiyo kideri hakitaki hata kuvisikia. Ukiviweka kwenye maji, kila kuku anakunywa kiasi chake, hakuna anayepata dozi. Vimelea vingine vilivyomo matumboni vinaizoea hiyo dawa, na vinahama kutoka kwa kuku kwenda kwa watu kupitia kinyesi na mikono. Halafu kuna masalia kwenye mayai, yale unayompa mtoto ukijua unamjenga.

Siku mtoto akiumwa kweli, dawa ikikataa kufanya kazi, lawama tunabeba sisi wa wodini. Kumbe tatizo lilianza kwenye kibuyu cha kuku. Yapo magonjwa ya kuku yanayotibika kwa antibayotiki, ikiwemo homa ya matumbo ya kuku. Achaguliwe dawa na anayejua, apewe dozi, na uambiwe mayai usile kwa siku ngapi.

SEHEMU YA 7: BASI TUFANYE NINI?

Vaa mfuko wa plastiki mikononi. Watoto wakae mbali. Kuku mfu mtie kwenye mifuko miwili, umuweke kivulini, pasipofikiwa na mbwa, wala si kwenye friji ya chakula.

Mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Mzoga uliolala siku mbili hausemi ukweli. Yeye akimpasua anaangalia koo, ini, bandama na matumbo, na mara nyingi anapata mwelekeo palepale. Ikihitajika, sampuli inaweza kwenda maabara ya mifugo Arusha. Usimpasue mwenyewe jikoni.

Waliobaki wafungie, usiuze, usigawe, usipokee wapya. Maji na chakula vya jana mwaga mbali, osha vyombo. Mzoga ukishaangaliwa, choma au fukia kwenda chini vya kutosha. Korongoni hapana, na ziwani kwetu hapana.

Wakifa wengi kwa mpigo, au ukikuta na ndege wa porini wamekufa pembezoni mwa ziwa, hiyo ni ya kutoa taarifa mara moja. Mwaka 2017 mafua makali ya ndege yalipatikana Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria, na yalianza kuonekana kwa ndege wa porini waliokufa. Ndege hawana mpaka.

Osha mikono kwa sabuni, wewe na watoto. Na mtu nyumbani akipata homa, kikohozi au kuhara siku zile, ukija kituoni tuambie: "Nesi, nyumbani kuku wamekufa." Usione aibu, usidhani tutakucheka. Sisi hatuwezi kuliona banda lako tukiwa wodini.

Nimalize na ninachokiamini. Kuku wa uani ndiye yai la mtoto, ndiye daftari, ndiye nauli ya kliniki. Kwa nyumba nyingi ni mali pekee ambayo mama anaiuza bila kuomba ruhusa. Mali ya namna hiyo ikifa, mama anastahili jibu. Ofisi ya kata iulizwe chanjo inakuja lini, iulizwe tena, na tuiulize tukiwa wengi.

Mtumie huu ujumbe mama mmoja mwenye kuku. Na kwenye maoni niambie: mtaani kwako mlichanja lini mara ya mwisho?