Kijana anayumba, mkongwe aingie? Somo kutoka Dallas na Houston

Kila ifikapo Septemba, msimu wa ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, unapoanza, wakazi wa Dallas, Fort Worth na Houston huanza mjadala ambao hauishi hadi baridi iingie. Kijana anayeongoza mashambulizi ya timu anayumba. Je, awekwe benchi na nafasi yake apewe mkongwe? Ndugu zetu waishio Texas wanaukuta mjadala huo kazini kila Jumatatu asubuhi, hata wale wasioufuatilia mchezo wenyewe.

Kwa wasomaji wetu walioko nyumbani, kwotabeki ndiye mchezaji anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza. Yeye ndiye huamua ama aurushe kwa mwenzake aliye mbele, ama amkabidhi mkimbiaji. Mbele yake wanasimama wenzake 5 ambao kazi yao kubwa ni kumkinga. Wakizidiwa, anaangushwa chini na watu wenye miili mikubwa mno. Ni kama kipa na kiungo mchezeshaji wakiwa mtu mmoja: akikosea, uwanja mzima unaona.

Msimamo wetu ni kwamba swali la nani anarusha vizuri zaidi leo ni swali la pili. La kwanza ni hili: kijana anashindwa kwa sababu gani? Historia ya miji hii miwili inatupa majibu matatu tofauti.

Dakika 30 za Henson

Drew Henson alichaguliwa na Houston Texans mwaka 2003, wakati huo akicheza besiboli. Machi 2004 Texans wakampeleka kwa Dallas Cowboys na kupata haki ya kuchagua mchezaji mmoja katika raundi ya tatu. Novemba 25, 2004, Sikukuu ya Shukrani, kocha Bill Parcells alimwanzisha dhidi ya Chicago Bears, Cowboys wakiwa wameshinda mechi 3 tu kati ya 10.

Kijana alibabaika. Kati ya pasi 12 zilizofika ni 4, na moja ilidakwa na mpinzani aliyekimbia nayo hadi kufunga. Ilipofika mapumziko matokeo yakiwa 7-7, Parcells akamtoa na kumwingiza Vinny Testaverde, mwenye umri wa miaka 41. Cowboys wakashinda 21-7, na mashabiki wakafurahi.

Lakini tuangalie kilichofuata. Shujaa wa siku ile alikuwa Julius Jones, mkimbiaji aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, ambaye alikimbia yadi 150 na kufunga mara 2. Mkongwe alitulia, lakini mzigo ulibebwa na miguu ya kijana mwingine. Katika mechi 5 zilizobaki Cowboys walishinda 2 tu, wakamaliza na ushindi 6 na vipigo 10. Testaverde hakubaki Dallas msimu uliofuata. Henson naye hakuanza tena mechi yoyote ya NFL.

Kwa maneno mengine, timu ilinunua alasiri moja, na bei yake ikawa kutojua kabisa kama kijana wake angefaa au la.

Imani isiyo na ukuta

Hata hivyo, wanaosema kijana aachwe tu ajifunze nao wana deni la kujibu, na deni hilo liko Houston.

Texans walipoanza kucheza mwaka 2002, David Carr ndiye aliyekuwa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa katika mgao wa wachezaji wachanga. Mechi yao ya kwanza waliwafunga Cowboys 19-10, na mji mzima ukalipuka kwa shangwe. Lakini msimu ule Carr aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 76, rekodi ya ligi kwa msimu mmoja. Mwaka 2005 aliangushwa mara 68, na timu ikashinda mechi 2 tu kati ya 16. Mwaka 2007 Texans wakaachana naye na kumchukua Matt Schaub kutoka Atlanta.

Je, hiyo ilikuwa imani kwa kijana? Sisi hatuoni hivyo. Kumwacha mtu uwanjani bila kinga si kumfundisha, ni kumzoesha kuogopa. Anayeangushwa kila mara huanza kuwatazama wanaomjia badala ya kuwatazama wenzake.

Tofauti yake na Troy Aikman iko hapo. Mwaka 1989 Aikman alianza mechi 11 akiwa na Cowboys na kupoteza zote. Kelele zilikuwepo. Lakini viongozi hawakuishia kumvumilia. Walimjengea safu imara ya kumkinga, na mwaka 1990 wakamleta mkimbiaji Emmitt Smith. Mataji 3 ya Super Bowl yakafuata, Januari ya 1993, 1994 na 1996.

Parcells yuleyule, uamuzi mwingine

Jibu la tatu linatoka kwa kocha yuleyule wa Henson. Tony Romo alikaa benchi Dallas tangu 2003. Pasi yake ya kwanza katika mechi rasmi aliirusha Oktoba 15, 2006, tena dhidi ya Texans. Siku 8 baadaye, Parcells alimtoa mkongwe Drew Bledsoe wakati wa mapumziko dhidi ya New York Giants na kumwingiza Romo.

Romo alifanya makosa kuliko Henson: pasi zake 3 zilidakwa, na timu ikafungwa 36-22. Safari hii kijana hakurudishwa benchi. Jumapili iliyofuata alianza dhidi ya Carolina na kushinda 35-14, na msimu huo Cowboys wakafika hatua ya mtoano.

Kilichobadilika ni nini? Romo alikuwa amejifunza zaidi ya miaka 3 kabla ya kutupwa motoni, na kosa la jioni moja halikugeuzwa kuwa hukumu ya maisha.

Uamuzi wetu

Wapo watakaosema kocha ana deni kwa wachezaji wengine zaidi ya 50, ambao maisha yao ya mchezo ni mafupi na wanataka kushinda sasa. Ni hoja nzito. Timu inayowania ubingwa ina haki ya kumchagua mkongwe.

Lakini timu iliyokwisha poteza msimu haina sababu hiyo. Kama kijana anakosea kusoma mchezo, aachwe, maana dawa ya kosa hilo ni mechi. Kama anavunjwa mwili kwa kukosa kinga, atolewe, lakini aambiwe wazi kwamba tatizo ni ukuta na kwamba atarudi. Lisilofaa ni kumpa dakika 30, kumtoa mbele ya taifa zima, kisha kukaa kimya.

Mashabiki wa Simba na Yanga, wanaojua jinsi kijana wa miaka 19 anavyozomewa kwa pasi moja mbovu, wataelewa kwamba hili si la Texas peke yake.