Sindano ya Homoni kwa Wanaume wa Makamo

Barabara itokayo Mombo hupanda milima ya Usambara kwa kona nyingi, hupita kando ya maporomoko ya maji, kisha hufika Soni, mahali inapochepuka njia ya kwenda Bumbuli. Siku ya soko wakulima hushusha hapo kabichi, karoti na nyanya tangu alfajiri. Miongoni mwao wamo wanaume wa miaka arobaini na tano au hamsini ambao maisha yao yote wamepanda na kushuka vilima hivyo wakiwa na mizigo. Siku hizi huambiwa ya kuwa uchovu wao, kupungua kwa hamu ya unyumba na kulegea kwa misuli ni maradhi mamoja yenye dawa moja: ni upungufu wa testosteroni, na tiba yake ni sindano. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo ni mdogo kuliko inavyodhaniwa, na mwenye kuupokea bila kuuchunguza aweza kupata hasara asiyoitarajia.

Testosteroni ni homoni itengenezwayo na korodani kwa amri ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ilipatikana ikiwa safi mwaka 1935 huko Amsterdam, katika maabara ya Ernst Laqueur, na mwaka huo huo Butenandt na Ružička wakaweza kuiunda kwa njia ya kemia. Tamaa ya kuitumia kurudisha ujana ni kongwe kuliko homoni yenyewe kujulikana. Mwaka 1889 bingwa wa Kifaransa Brown-Séquard, akiwa na umri wa miaka 72, alijidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama, akatangaza kwamba nguvu zimemrudia. Leo yafahamika ya kuwa maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha kufanya lolote. Alichokipata kilitokana na imani yake, na inafaa kumkumbuka kila isemwapo kwamba fulani alidungwa mara moja tu akawa kijana tena.

Ni kweli kwamba homoni hii hupungua kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Lakini kupungua si kuugua. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Ulaya kwa wanaume 3,369 wenye miaka 40 hadi 79, na kutangazwa mwaka 2010, ulitaka dalili za unyumba na kipimo cha chini viambatane. Waliokuwa na vyote viwili walikuwa wapatao wawili tu katika kila mia. Ushahidi wa hapa petu ni wa kuvutia zaidi. Mwaka 2009 zilichapishwa habari za Wahadza wa Ziwa Eyasi na jirani zao Wadatoga, ambao mate yao yalipimwa. Miongoni mwa Wahadza, ambao baba hubeba na kulea watoto wake, wenye watoto walikuwa na testosteroni ndogo kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao baba hawashughuliki sana na watoto wachanga, tofauti hiyo haikuonekana. Nani atathubutu kumwita mgonjwa Mhadza aliyempakata mwanawe? Kadhalika uchunguzi wa mwaka 2002 uliwalinganisha wanaume wa Marekani, Nepal, Paraguay na Walese wa msitu wa Ituri nchini Kongo. Vijana wa Marekani walikuwa na kiasi kikubwa zaidi, lakini kwa wanaume wa makamo tofauti kati ya mataifa hayo zilikuwa zimefifia. Kwa hiyo namba iliyowekwa kwa kuwatazama watu wa Boston haistahili kugeuzwa sheria kwa mkulima wa Soni.

Hata hiyo namba yenyewe ina hila. Madaktari wengi wa Marekani huhesabu kuwa chini ya nanogramu 300 katika desilita moja ya damu ni upungufu. Lakini homoni hii huwa nyingi asubuhi na hupungua jioni. Tena hushuka mtu alapo, na hushuka zaidi awapo na homa. Sasa achukuliwe mkulima anayeuza kwanza mboga zake, akala, kisha akapanda gari na kufika maabara ya mjini saa tisa alasiri, labda akiwa bado anauguza malaria ya juma lililopita. Atapewa karatasi yenye namba ya chini, na karatasi hiyo itamdanganya. Damu hutakiwa kuchukuliwa asubuhi, kabla ya kula, katika siku mbili tofauti. Asiyeweza kupimwa hivyo ni afadhali asipimwe kabisa.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba dalili hizi aghalabu zina chanzo kingine. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu wazima tisa katika kila mia nchini Tanzania walikuwa na kisukari. Kisukari huharibu mishipa na neva za uume, na unene unaofuatana nacho hushusha testosteroni. Wanaume wenye kisukari waliochunguzwa Muhimbili, ambao habari zao zilichapishwa mwaka 2014, zaidi ya nusu yao walikuwa na udhaifu wa unyumba. Kupanda kwa shinikizo la damu, pombe, majonzi na baadhi ya dawa nazo huleta hali hiyo hiyo. Tena udhaifu huu waweza kuwa onyo la mapema la maradhi ya moyo. Mwenye kununua mkuyati au vumbi la Kongo sokoni, na mwenye kudungwa homoni, wote wawili hulinyamazisha onyo hilo bila kulisikiliza.

Lipo jambo moja ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra, nalo ni uzazi. Homoni iingiapo kwa sindano, pituitari hudhani kuwa korodani zimekwisha kufanya kazi yake, huacha kuziamrisha, na mbegu za kiume hupungua au hutoweka. Athari hiyo ni kubwa kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliijaribu kama njia ya kupanga uzazi: mwaka 1990 lilitangaza kwamba wengi wa wanaume waliodungwa kila juma waliishiwa mbegu kabisa. Kwa kawaida hurudi baada ya kuacha, ingawa huchukua miezi mingi. Mwanamume wa miaka arobaini na minane anayetarajia mtoto, akadungwa ili awe "mwanamume kamili", atakuwa amelipia ugumba wake mwenyewe.

Faida nayo ina mipaka. Katika majaribio ya wazee 790 wa Marekani yaliyotangazwa mwaka 2016, hamu ya unyumba iliongezeka kiasi, lakini uchovu, ambao ndio ulalamikiwao zaidi, haukuondoka kwa kiwango cha maana. Majaribio ya mwaka 2023, yaliyohusisha wanaume zaidi ya 5,000, yaliondoa hofu kwamba dawa hii huongeza mshtuko wa moyo. Hata hivyo, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilionekana zaidi kwa waliotibiwa.

Wapo wanaostahili tiba hii bila kusitasita: aliyeharibiwa korodani na matubwitubwi, mwenye ugonjwa wa pituitari, na yule ambaye dalili zake na vipimo vyake viwili vya asubuhi vyasema neno moja. Hao wasionewe haya wala wasicheleweshwe. Lakini damu yao huweza kuwa nzito mno, na tezi dume lao lahitaji kuangaliwa. Kwa hiyo asianzishiwe sindano mtu ambaye hana mahali karibu pa kupimwa tena baada ya miezi michache. Kwa wengine wote wanaoteremka Soni siku ya soko, daktari na aanze na sukari, shinikizo la damu, na swali ambalo huulizwa mara chache: kama mzee huyo na mkewe bado wanataka mtoto.