Kabla ya kuuliza anarudi lini, uliza amemeza nini

Mchezaji akichanika ligamenti ya goti, vijiwe vya Singida Mjini vina swali moja tu: anarudi lini? Kaa jirani na Uwanja wa Liti siku ya mechi, utalisikia mpaka uchoke. Swali halina ubaya, ila linaruka hatua muhimu: chumba cha upasuaji.

Siku hizi goti halipasuliwi lote. Daktari anatoboa matundu madogo, anaingiza kamera nyembamba na kufuata kila kitu kwenye skrini. Hata MOI pale Muhimbili wanafanya hivyo. Goti linajazwa maji ili picha iwe safi. Sasa damu ikichanganyika na yale maji, skrini inageuka nyekundu. Ni kama kumwambia kipa adake penalti amefungwa kitambaa machoni.

Ndiyo maana damu inabanwa kwa kila njia. Paja linafungwa mkanda wa hewa, maji yanasukumwa kwa presha ya kutosha, mtaalamu wa usingizi anachunga presha ya mgonjwa isipande, na mishipa inayovuja inachomwa. Wapo madaktari wanaoongeza adrenalini kidogo kwenye maji, au wanaotumia asidi ya traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke. Mkanda nao una kikomo. Ukibana zaidi ya saa mbili, misuli na neva za paja zinakuwa hatarini, na paja ndiyo injini ya mchezaji.

Hapo ndipo wachezaji wetu wanapojifunga wenyewe. Wengi wanabugia diklofenaki kama karanga ili wamalize dakika 90. Dawa hizi zinachelewesha damu kuganda, na aspirini inaweza kuacha athari hiyo kwa wiki nzima au zaidi. Mtu anaenda kupasuliwa, anaulizwa ametumia dawa gani, anajibu "sijatumia". Anamdanganya nani?

Klabu ziandike kila kidonge anachomeza mchezaji, na daftari hilo limfikie daktari mapema. Yeye ndiye aamue dawa ipi isimame na lini. Rodri, pamoja na utajiri wote wa Manchester City, aliumia Septemba 2024 akarudi uwanjani Mei 2025. Huku kwetu tusijiongezee safari kwa aibu ya kusema ukweli.

Goti jipya halisajiliwi dirisha dogo.